Setilaiti Zilizotufikisha kwa Fundi wa Viatu, Waithaka

Kila ninayekutana naye siku hizi ananiuliza swali lile lile. Ilikuwaje watu wazima watano, wakiwa na mitambo mitatu inayosemezana na anga, wakachukua zaidi ya saa sita kutoka mjini hadi Waithaka, ilhali mbuzi wanaopelekwa kuchinjwa Dagoretti hupita huko kila siku na hakuna hata mmoja aliyewahi kupotea? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akinikatiza pale anapotaka kucheka. Naandika mara moja, nanyi mtapeana. Yaliyohusu kukodi gari na karatasi zake nayaruka, maana sijaona mtu aliyewahi kuchekeshwa na risiti.

Kwa asiyejua chanzo, rafiki yangu Wekesa, dereva wa watalii, alitaka kumwoa Wambui, binti ya Mzee Njoroge wa Waithaka. Wazee wa Wekesa ni watu wa Bungoma. Walikuwa waje kujitambulisha mwezi wa nne, lakini mvua ikabeba daraja na basi lao likalala njiani. Mzee Njoroge alikaa na ukoo wake mzima mbele ya masufuria hadi jioni bila kuona mgeni. Akakubali kuwapa siku nyingine moja tu: Jumamosi, kabla ya saa saba mchana. Wasipofika, asilisikie tena jina la Wekesa nyumbani kwake.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, mwajiri wa Wekesa akamtuma Maasai Mara na wageni. Angerudi Jumamosi yenyewe, alasiri, saa ambayo wazee wake wangekuwa ama wamekubaliwa ama wamefukuzwa. Akaniita mimi, mtu niliyefanya kazi kumi na moja na kuziacha zote kwa hiari yangu, akanikabidhi wazee wake niwaendeshe. Nikamwambia sijawahi kufika kwa kina Wambui.

"Usijali, buda," akasema. "Nimekuwekea alama."

Akanipa jipiesi yake ya porini, kitu cha ukubwa wa sabuni ya kufulia, chenye mpira pembeni na skrini ya kijivu. Hiyo ndiyo madereva wa watalii hutumia kukumbuka simba walionekana wapi. Nikafungua orodha ya alama. Ilikuwa hivi: SIMBA 1, SIMBA 2, MTO, KIFARU, WAMBUI, SIMBA 3. Nikajiambia kwamba mtu anayeweza kumrudia kifaru yule yule katikati ya nyasi hawezi kushindwa na nyumba ya mtu.

HURLINGHAM HADI RIVER ROAD

Gari nililichukua Hurlingham, nyuma ya fleti za Mama Sammy, mama wa kanisa aliye na wapangaji wengi na van mbili za kukodisha. Alizunguka van mara tatu akinionyesha mikwaruzo ya zamani ili nisije nikadai mipya nayo ni ya zamani. Kisha akanipa ufunguo na kusema, "Hii gari ikipotea, mimi nitajua." Nilidhani anazungumzia imani yake. Nikaitikia amina.

Van ilikuwa imetoka Japani baada ya Wajapani kuichoka, na ilikuja na mtambo wake wa kuonyesha njia, skrini nzuri ya rangi katikati ya dashibodi. Nilipowasha injini, mwanamke akaniamkia kwa Kijapani, kwa upole ambao sijapata kuusikia Nairobi tangu nizaliwe. Magari mengi ya mji huu yana mwanamke huyo na hakuna anayejua anataka nini. Fundi mmoja aliniambia kwamba anaomba kadi. Mwingine akaapa kwamba anasema kuna mafuta kidogo. Mimi niligusa kila kitufe, kwa sababu sijui kuona kitufe nikakiacha. Kulingana na skrini, Argwings Kodhek Road iko baharini, mwendo mfupi kutoka pwani ya Japani. Hiyo ndiyo ramani tuliyokuwa nayo ya rangi.

Wazee walifika River Road saa mbili asubuhi. Walikuwa wanne. Msemaji wao alikuwa Mzee Barasa, mjomba wa Wekesa, aliyevaa suti ya kaki na kubeba hotuba yake mfukoni. Mkubwa wao, ingawa hakuna aliyetangaza, alikuwa Senge Nasimiyu. Huko kwao senge ni dada ya baba, na ndoa haisogei asipoipitisha. Wengine wawili walikuwa wazee wa ukoo ambao kazi yao ilikuwa kuonekana. Waliifanya siku nzima bila kufungua kinywa. Pamoja nao kulikuwa na kreti za soda, sukari, leso, blanketi na jogoo ndani ya kikapu, akitazama jiji kama mtu aliyeambiwa habari zake mapema.

Tulipanda. Nikawasha. Mwanamke akaamkia.

"Asante sana mama," Mzee Barasa akamjibu.

Senge akauliza huyo ni nani. Nikamweleza. Akataka kujua kama mwanamke huyo amewahi kufika Waithaka. Nikakiri kwamba hata Kenya hajafika. Senge akasema, basi, anyamaze. Lakini hakuna aliyejua kitufe cha kumnyamazisha, na siku nzima kila nilipowasha injini Mzee Barasa aliendelea kumshukuru.

RIVER ROAD HADI KENYATTA MARKET

Sasa nikatoa jipiesi ya Wekesa, kwa madaha, ili wazee wajue mtoto wao hakuwakabidhi kwa mtu wa hivi hivi. Nikawaeleza yale niliyosoma katika kijitabu chake: huko juu kuna setilaiti, chombo hiki kinazitafuta, kikipata nne kinajua kiliposimama. Mzee Barasa akauliza setilaiti hizo ni za nani. Nikasema za Wamarekani. Akauliza kama Wamarekani wanajua leo tunakwenda ukweni. Nikasema hapana. Akaonekana kupata nafuu.

River Road ina majumba marefu kila upande na anga yake ni upana wa mkeka. Chombo kikapata setilaiti moja. Kikapata mbili. Kikarudi moja. Mshale ukawa unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, mara Waithaka iko Thika, mara iko chini ya benki. Ningeweza kuendesha tu, maana njia ya Ngong Road naijua nikiwa nimelala. Lakini nilishatoa hotuba. Tulikaa hapo dakika arobaini nikiwa nimenyoosha mkono nje ya dirisha. Wapita njia walidhani nauza simu. Mmoja akanipa bei.

Tulipofika karibu na Uhuru Park anga likafunguka na chombo kikasema, kilomita kumi na kitu, kusini magharibi. Nikafurahi kana kwamba nimejenga mimi. Ila kitu kile cha porini hakijui barabara. Kinajua tu kwamba unakwenda kule, na kinaamini kwamba utapita katikati ya chochote kilichopo, kama tembo. Kilitaka tupitie ndani ya hospitali.

Hapo Senge akatangaza kwamba yeye hali chakula ukweni akiwa na njaa. Sikumwelewa. Nilidhani ukweni ndiko tutakakopewa chakula, na niliona moshi wa masufuria ya Mzee Njoroge kwa macho ya moyo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mjinga mpendwa. Mkwe akifika na njaa atakula haraka, akila haraka wataona, na wakiona watasema huko Bungoma hakuna chakula. Kwa hiyo tule kwanza tushibe, tukifika tudonoe kidogo kwa heshima.

Nikawapeleka Kenyatta Market. Nyama choma hapo haikubali kuharakishwa, na wazee waliochagua mbavu wenyewe nao hawakubali. Tulikaa kati ya moshi na wasusi. Wasichana watatu kwa mpigo walimsihi Senge asukwe, na mwishowe akakubali kupangwa mistari minne tu upande wa mbele. Mistari minne ilichukua muda wa kondoo mzima kuiva. Mzee Barasa aliisoma hotuba yake kwa mchoma nyama, na mchoma nyama akashauri apunguze sehemu ya Musa na Waisraeli.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Sammy.

"Kijana, mbona gari yangu iko Kenyatta Market?"

Niligeuka nyuma nikimtafuta kati ya meza. Hakuwapo. Alikuwa kwake Hurlingham, akinywa chai, na alikuwa anajua hata tuliingilia lango lipi. Ndipo nikaelewa ule usemi wake haukuwa imani. Chini ya dashibodi, mahali nisipopajua, alikuwa amefungiwa kifaa cha tatu, kile cha kufuatilia magari, na kampuni iliyokifunga ilimpigia simu kila gari liliposimama au kupita pasipotarajiwa. Alishaibiwa van moja na hakutaka kuibiwa ya pili. Nikamwambia wazee wanakula. Akauliza wanakula nini. Nikamwambia. Akasema Mungu awabariki, lakini mifupa isiingie kwenye gari.

KENYATTA MARKET HADI DAGORETTI CORNER

Hatua hii ni fupi kwenye ramani. Ngong Road siku hiyo walikuwa wameichimba upande mmoja ili waizibe, kama kawaida yao, na magari ya pande zote mbili yakawa yanapishana kwa kusihiana. Tukatambaa. Kilichoniudhi si foleni, bali ile jipiesi, ambayo ilihesabu mwendo wetu kwa uaminifu wote: kilomita mbili kwa saa. Ikapiga hesabu na kunionyesha kwamba tungefika saa kumi na moja jioni. Nikaifunika kwa kofia.

Saa sita ilipita tukiwa bado hatujaiona Dagoretti Corner. Senge alianza kuuliza saa kila baada ya mita mia, na Mzee Barasa akawa anamjibu kwa kupunguza dakika tano. Nikashauri tumpigie Wambui simu. Nikapiga. Imezimwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba shangazi zake walikuwa wamemfungia chumbani na kumpokonya simu, kwa sababu binti anayeposwa hapaswi kuonekana na haraka. Nikampigia Wekesa. Simba wa Mara hawana mtandao. Nikasema basi tukifika Waithaka tutauliza watu.

"Hatuulizi," Senge akasema.

Nikadhani ananitania, nikamwambia kwamba hata Nairobi kuuliza ni bure.

"Wewe ni mtoto mzuri lakini hukufunzwa," akasema. "Tukiuliza njia, kabla hatujafika kwao watakuwa wameshaambiwa kuna watu wa Wekesa wanazurura wakitafuta mke. Mtoto wetu alisema anapajua. Twende anapopajua."

Hivyo ndivyo tulivyobaki na setilaiti peke yake.

DAGORETTI CORNER HADI KWENYE ALAMA

Tuliingia Naivasha Road na barabara ikaachia. Tukapita Riruta, pale wanapopaita Satellite. Mzee Barasa aliliona jina kwenye ukuta wa duka akashika mlango tayari kushuka. Alidhani tumefika zinakokaa setilaiti. Nikamwambia hizi si zile. Akatazama vibanda vya mitumba na wauza mahindi, akasema ni kweli, alitarajia pawe safi zaidi.

Mama Sammy akapiga tena kuniuliza mbona sasa nipo Satellite. Nikamwambia ndiyo njia ya Waithaka. Akasema anajua, yeye amezaliwa upande huo, alitaka tu kusikia kama na mimi najua. Kawangware tukapita polepole kati ya mikokoteni ya maji. Mshale sasa ulikuwa umetulia, umenyooka kama kidole cha mwalimu. Kilomita mbili. Moja na nusu. Tukaacha lami, tukaingia udongo mwekundu wa Waithaka, nyumba za mabati upande huu, migomba na nyasi za ng'ombe upande ule. Mita mia tatu. Mia moja. Arobaini. Wazee wakajirekebisha kola. Senge akatoa leso mpya akajifunga. Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini, na nakiri niliona fahari.

Chombo kikalia pii. Umefika.

Tulikuwa njia panda. Upande mmoja palikuwa na tangi la maji, upande wa pili ua wa miti, na kwenye kona, chini ya mwavuli uliochanika, fundi wa viatu akishona kiatu. Hapakuwa na lango. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na ukoo wowote uliokaa mbele ya masufuria.

KWENYE ALAMA

Kijitabu kilisema chombo kinaweza kukosea mita kumi hivi. Nikajiambia nyumba itakuwa hapo karibu. Nikaizunguka ile kona kwa gari. Chombo kikasema umepita. Nikarudi. Kikasema umefika. Nikajaribu njia ya kushoto, ikaishia kwenye mto wa taka. Ya kulia ikaishia shambani. Tukarudi. Kila mara tulipopita, fundi aliinua kichwa, akatutazama, akarudia kiatu chake. Mara ya nne jogoo akawika. Mara ya tano, katikati ya njia panda, injini ikazima.

Nikawasha. Haikushika, ila mwanamke aliamkia. Mzee Barasa akamshukuru.

Mara simu. "Wewe kijana, unaibia nani gari?" Mama Sammy hakuwa anapiga kelele. Ilikuwa mbaya zaidi. Kampuni ilimwambia gari lake linazunguka mahali pamoja, na wezi ndio huzunguka hivyo wakitafuta pa kulifungulia. Akawaambia wazime, nao wakazima, kutoka mjini, kwa kubonyeza. Nilimweleza yote, wazee, alama, saa saba. Nikampa Mzee Barasa naye akaeleza, akaanzia kwa Musa. Mama Sammy akaamini, na akasikitika kweli, nilimsikia. Lakini ili gari liwashwe tena ilibidi aende ofisini kwao kutia sahihi, na Jumamosi ofisi hufungwa saa sita, hubaki wa kuzima tu. Akanishauri nilifunge vizuri mpaka Jumatatu.

Saa saba ikafika tukiwa tumesimama pale. Mzee Barasa alitoa hotuba mfukoni, akaitazama, akairudisha. Wale wazee wawili walitazama viatu vyao. Senge ndiye aliyeshuka. Akaenda moja kwa moja kwa fundi na kumwamkia. Sikumkumbusha alichosema Ngong Road. Nina akili kidogo.

Fundi hakungoja kuulizwa.

"Nyinyi si ni wa yule kijana wa gari ya kijani, ya watalii?" akasema. "Huwa anasimama hapo hapo mlisimama. Msichana anashuka, yeye anageuza anaenda."

Senge akamuuliza msichana anakwenda wapi. Fundi akasema hilo hajui, yeye hukaa hapa, hajawahi kumfuata mteja. Akavuta kisanduku chini ya kiti. Ndani yake kulikuwa na viatu vya watu wa mjini, jozi kwa jozi. Wakazi wa huko chini huja asubuhi na gambuti kwa sababu ya tope, wanaziacha kwake, wanavaa viatu vya ofisi, jioni wanabadilisha tena. Akatoa jozi moja, nyeusi, yenye kisigino kifupi. Hiyo ilikuwa ya Wambui. Leo hakwenda kazini.

Senge akakichukua kimoja akakigeuza. Hakuwa amewahi kumwona Wambui hata kwenye picha. Alipitisha kidole kwenye soli kwa muda mrefu.

"Hii imewekwa mara ngapi?"

"Mara tatu," fundi akasema. "Yeye hatupi kitu."

"Vizuri," Senge akasema, na nadhani ndoa kwa upande wetu ilipitishwa hapo, kwa kauli moja. Akaomba apewe viatu ampelekee. Fundi akakataa kata kata. Viatu vya mteja havitembei bila mteja.

Nikamuuliza kama anamjua Mzee Njoroge. Akaniuliza, Njoroge yupi, maana yeye mwenyewe ni Njoroge, na mwenye tangi ni Njoroge. Akafikiri. Kisha akasema gambuti za msichana huja na mbolea ya ng'ombe kila asubuhi, mbichi, ya kutoka kukama. Huko chini wanaofuga ng'ombe wa maziwa ni wawili, mjane mmoja asiye na watoto na mzee mmoja mrefu mwenye ua wa miti na lango la bluu. Fuateni hii njia ya chini mpaka isikike harufu.

KWA MIGUU HADI LANGO

Mshale ulikuwa unasisitiza kwamba tumeshafika. Nikautia mfukoni, nikabeba kreti mbili. Wale wazee wawili wakabeba sukari na blanketi, Senge akabeba jogoo, na Mzee Barasa akabeba hotuba. Njia ilikuwa na mvua ya juzi. Tope la Waithaka hukushika mguu kama mtu anayekudai maelezo. Tulichukua saa nzima na zaidi kwa mwendo ambao Wambui huumaliza kwa dakika kumi na tano. Suti ya kaki ikawa ya rangi mbili.

Harufu ilifika kabla ya lango. Lango lilikuwa la bluu, na lilikuwa limefungwa. Kwa desturi tulipaswa kukuta wanawake wakiimba, wakituzuia kwa vigelegele ili tuombe kuingia. Hakuna aliyeimba. Ndani nilisikia viti vikikunjwa. Nikapiga lango kwa ukucha.

Alikuja Mzee Njoroge mwenyewe, mrefu kweli, koti na kofia. Hakufungua. Alituangalia kupitia juu ya lango, kutoka kwa Senge hadi kwa jogoo.

"Saa nane na nusu," akasema.

Mzee Barasa akaanza. Alifika kwenye bahari ya Shamu, Mzee Njoroge akainua mkono.

"Mwezi wa nne ilikuwa daraja. Leo ni nini? Kijana yenu aliniambia kwa simu, wazee watakuja, wamepewa njia. Yeye si anajua hapa?"

Nilijua jibu la busara. Ningesema gari limeharibika, ambalo lilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli imenilisha miaka mingi. Nikafungua mdomo. Senge akanitangulia.

"Hajui hapa," akasema. "Anajua mpaka kwa fundi wa viatu. Alituwekea alama mpaka hapo, na sisi tukaifuata. Huko ndiko tumekuwa."

Nyuma ya ua wa miti viti vikaacha kukunjwa. Mzee Njoroge akauliza alama gani. Senge akaninyooshea mkono, nikampa jipiesi, naye akaipitisha juu ya lango. Mzee akaigeuza. Akaniita nimwonyeshe. Wekesa, kwa mazoea ya watu wa porini, alikuwa amehifadhi kila safari, na kila safari ilikuwa na mstari wake na tarehe yake. Nilitamani kidole changu kikose kitufe. Hakikukosa.

"Hizi ni ngapi?"

"Thelathini na nne, mzee."

Akasoma tarehe, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Akahesabu kwa vidole, akakumbuka siku daktari wa mifugo alipokuja, akahesabu tena.

"Hizi zote ni Jumatano," akasema. "Jumatano Wambui huwa kwaya."

Ndani, mahali fulani kwenye madirisha, mtu alikohoa kikohozi cha kike. Mzee Barasa aliyaelekeza macho kwa jogoo. Mimi nilikuwa nahesabu umbali wa kukimbia na kreti.

"Nionyeshe mistari," mzee akasema.

Nikaikuza skrini. Ilitoka Naivasha Road, mistari thelathini na nne, ikapita pamoja, ikakutana kwenye kona ya fundi kama njiti za ufagio zilipofungwa. Kutoka hapo kuja kwenye lango lake pakawa peupe. Akaweka ukucha wa kidole gumba kati ya kona na nyumba yake, akapima.

"Hapa hapakupitwa?"

"Hapakupitwa."

"Hata mara moja? Hata usiku?"

"Hata usiku, mzee. Kingeonyesha."

Alikaa na kile chombo muda mrefu sana, mpaka skrini ikajizima na ikabidi niibonyeze tena. Shangazi mmoja wa Wambui alikuja nyuma yake akamwambia kitu kwa Kikuyu, kwa ukali. Hakugeuka.

"Ng'ombe yangu mwenyewe huvunja hii ua mara mbili kwa wiki," akasema. Akamrudishia Senge jipiesi kwa mikono miwili, akaondoa komeo, na kuwaambia wanawake viti virudishwe.

Ya ndani hayakuwa na safari, kwa hiyo hayanihusu. Nitasema tu kwamba chakula kilikuwa kingi na sisi tulidonoa kwa heshima, na kwamba nyama ya Kenyatta Market inanijutisha hadi leo. Bahari ya Shamu ilivukwa mara mbili. Wambui alitolewa nje akiwa ameinamisha uso, na Senge akatazama miguu yake kwanza.

Karibu saa kumi na moja simu yangu ikalia. Wekesa alikuwa ameshushwa na gari la wenzake, bado amevaa nguo za porini, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja hukumu.

"Niko hapa kwenye alama," akasema. "Naona van iko katikati ya barabara na hakuna mtu. Nyumba ni gani?"

Senge alisema kweli, na yeye hakujua. Alitegemea Wambui angetungojea pale kona, kama Jumatano zote. Nikainuka nimfuate, lakini Mzee Njoroge alikuwa amesikia. Akaniuliza kama ni yeye. Nikasema ni yeye, yupo kwa fundi wa viatu.

"Mwambie asitoke hapo," akasema. "Nitamchukua mwenyewe."

Akachukua kofia yake akatoka, peke yake, ndani ya tope lile. Nilikaa langoni. Giza lilikuwa linaanza nilipowaona wakija, mzee mbele kwa hatua zake ndefu, na Wekesa nyuma yake, mkononi ameshika viatu vyeusi vya Wambui ambavyo fundi alikubali kumkabidhi baba yake. Walipofika langoni Wekesa alisimama, kama alivyozoea kusimama pale kona. Mzee akageuka akamwambia apite.